Kwa Miguu na Dafroza, Kutoka Waithaka Hadi Mjini

Wenzangu wa chama cha akina mama, tangu mwaka juzi mmeniuliza ilikuwaje nikarudi nyumbani jioni ile bila viatu na bila mgeni wangu. Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato, na najua mlinishangaa, maana mimi na mkato hatujuani. Baba Gathoni husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa dalali wa ng'ombe pale Dagoretti. Sasa mchungaji amenipa ruhusa ya kusema, basi nitasema yote, tangu mlangoni hadi mlangoni.

Safari yenyewe mtaicheka. Waithaka hadi mjini kwa gari ni dakika arobaini. Sisi tulitoka saa kumi na mbili asubuhi tukafika karibu saa nane mchana. Nimefika Mombasa mara mbili na Kisumu mara moja, lakini sijawahi kwenda mbali namna ile.

Jumapili iliyotangulia

Dafroza mnamkumbuka: mrefu, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani, akicheka anacheka kwa macho tu. Alitoka Rwanda baada ya mauaji, akapitia kambi mbili, na mchungaji alipouliza nani ana chumba, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Chumba cha binti yangu Gathoni kilikuwa kimebaki na cherehani tu tangu aolewe. Kwa wiki sita Dafroza alinisaidia kushona vifungo vya sare za shule. Nilijua kwamba yeye ni Mtutsi na kwamba watu wake wote waliuawa. Zaidi ya hapo hakuniambia, na mimi, kwa shida kubwa, sikuuliza.

Jumapili ile kwaya kutoka Riruta ilikuja kutuimbia. Ikafika saa ya wageni. Mnajua tulivyo: mgeni hawezi kukaa kanisani kwetu kama amejificha. Atasimama, ataje jina, aseme anakotoka, awasalimu watu, apigiwe makofi. Dafroza hakutaka kusimama. Nilimvuta kwa mkono wa sweta. Akasema, "Naitwa Dafroza. Bwana asifiwe," akaketi. Mimi nikaona salamu ile haikutosha, nikasimama na kumwongezea: jina la kilima cha kwao, jinsi alivyopoteza watu wake, na kwamba anakaa kwangu, geti la bluu ukishapita posho mill ya kusaga mahindi, ili mwenye kutaka kumtembelea asipotee. Mkapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Baada ya ibada mwanamume mmoja wa kwaya ile alikuja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa Ndugu Anasitazi, mkimbizi wa Rwanda naye, mwalimu wa zamani, yule aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Riruta hesabu bure na kumchotea maji mjane mmoja jirani yake. Alimwambia maneno machache kwa lugha yao. Dafroza akatabasamu. Nilifurahi sana, nikasema moyoni, leo amempata wa kwao.

Jumatatu Dafroza hakula. Jumanne, akiwa ameshika shati la shule mapajani, aliniambia kwamba mtu yule alikuwa jirani yao, Mhutu, na wakati wa mauaji ndiye aliyekuwa akisimamia kizuizi barabarani. Na maneno aliyomwambia kanisani yalikuwa haya: "Dafroza, kumbe uko hai. Nani mwingine anajua?"

Nilikimbia kwa mchungaji, naye akapata njia. Mjini kulikuwa na mchunguzi, mzungu, aliyekuwa akiandika ushahidi wa mambo ya Rwanda. Angemsikiliza Dafroza Alhamisi, kisha gari lingempeleka mahali asipojulikana. Lakini mzungu yule alikuwa anaondoka nchini siku hiyo hiyo. Baada ya saa nane mchana tusingemkuta. Nikaonywa nisimwambie mtu, hata Baba Gathoni. Katika miaka thelathini ya ndoa ile ilikuwa siri yangu ya kwanza, na ilinikaa tumboni kama ugali mbichi.

Jumatano Anasitazi alipita getini kwangu kuulizia hali ya mgeni. Alileta ndizi mbivu.

Waithaka hadi mtoni

Alhamisi asubuhi nilivaa viatu vya kanisani, vile vyeusi vya kisigino, kwa sababu nilikuwa naenda kuonana na mzungu. Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu wa kwanza siku ile. Tulipofika steji hapakuwa na gari hata moja. Watu walikuwa wamesimama makundi makundi wakitazama barabara.

"Matatu zimegoma," alituambia bwana mmoja mwenye gazeti kwapani.

"Na basi?"

"Basi ya kwanza imepigwa mawe hapo mbele. Mama, rudi tu nyumbani ukunywe chai. Leo hakuna kitu."

Dafroza aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa miguu inawezekana?" Nikamjibu inawezekana. Ukweli ni kwamba sikuwa nimetembea hadi mjini tangu nikiwa msichana, wakati wa Emergency ya mkoloni, na wakati huo sikuwa na visigino wala kilo hizi.

Barabara kubwa inapita katikati ya Riruta, na Riruta ndiko alikokuwa akikaa Anasitazi. Kwa hiyo tulishika njia ya bondeni, ile inayoteremka kwenye mashamba ya nduma. Umande ulitulowesha hadi magotini. Katikati ya nduma tulimkuta mzee akipalilia, na mzee huyo, kwa bahati mbaya, alimjua marehemu baba yangu. Mnajua hapo hakuna kupita. Aliuliza habari ya kaka zangu mmoja mmoja, akauliza habari ya yule aliyekufa, kisha akamgeukia Dafroza. "Na huyu ni wa nani?"

Kinywa kilifunguka chenyewe. Nilikwisha sema "Huyu ni mgeni wetu kutoka" nikajiuma ulimi, jamani, nikaonja damu. "Kutoka kwa dada yangu," nikamalizia. Mzee aliuliza dada yupi. Ilituchukua karibu nusu saa kuondoka pale, tena tukiwa na nduma nne zilizochemshwa kwenye mfuko, na kisigino cha kiatu cha kushoto kimebaki kwenye matope yake.

Riruta

Nilikuwa nimepanga tuivuke barabara kubwa pale Riruta mara moja, haraka, tuingie vichochoro vya upande wa pili. Mtu hupanga, Mungu hupangua. Mbele yetu kulikuwa na matairi yanayowaka moto na polisi wamejipanga, na njia pekee iliyoachwa wazi ilipita kwenye vibanda vya nguo za mitumba. Na kwenye kibanda cha kwanza nani? Mama Wambui, tuliyeimba naye kwaya ya vijana miaka hiyo, mwenye sauti ya kufika mji wa Kikuyu.

"Mama Gathoni! Si ni wewe? Na huyu ndiye yule mgeni wako wa Rwanda? Woi, karibu, mami! Ndugu Anasitazi ametuambia habari yako, eti mlikuwa majirani. Si amepita hapa sasa hivi tu! Ngoja nimwite, yuko hapo nyuma kwa fundi wa redio."

Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo nililoona na likanikata maini: furaha ile ilikuwa yangu ya Jumapili, ile ile. Alikuwa amekwisha geuka kuita. Dafroza hakukimbia. Alinishika kiuno cha nguo kwa nyuma, akashikilia.

"Usimwite!" nikasema. "Ana kifua kikuu."

"Nani?"

"Huyu. Tunampeleka hospitali. Kinaambukiza vibaya sana, Mama Wambui, hata mimi nimeambiwa nisikae na watu."

Mama Wambui alijifunika pua kwa sweta ya mtoto aliyokuwa akiiuza. Tulipita. Miaka yote hiyo nimewafundisha watoto wenu kwamba Mungu anachukia midomo ya uongo, na pale nilidanganya kama mtu aliyesomea. Sasa mnajua pia kwa nini Jumapili iliyofuata watu wa Riruta walikataa kuketi benchi moja nami.

Hatukupumua mpaka tuliporuka mtaro wa Kawangware. Nilitazama nyuma kila hatua kumi. Mara mbili nilimwona Anasitazi, na mara zote mbili alikuwa mtu mwingine.

Kwenye ua wa kayaba

Ukiteremka kuelekea Muthangari kuna nyumba kubwa yenye ua mrefu wa miiba ya kayaba. Tuliketi kwenye kivuli chake, nikavua viatu. Kidole gumba kilikuwa kimechubuka. Ilikuwa saa nne na nusu. Nilikuwa nahesabu barabara zilizobaki ndipo Dafroza akaniambia jambo ambalo sikumuuliza.

"Mama, unajua nilijificha wapi wakati ule?"

"Wapi?"

"Kwake."

"Kwa nani?"

"Kwa Anasitazi."

Mke wa Anasitazi aliitwa Pelagia. Siku ya kwanza ya mauaji alimkuta Dafroza nyuma ya zizi, akampandisha kwenye dari la jikoni, mahali pa kukaushia mahindi na kuni. Alikaa huko wiki saba. Kila asubuhi Anasitazi alikunywa uji wake pale chini, akaenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kizuizini, na Dafroza aliweza kuiona kupitia tundu la paa. Mwalimu yule hakuwa na panga. Alikuwa na daftari la shule, lile la kuandika watoto waliohudhuria, na kalamu. Alisoma majina kama anavyoita darasa. Aliyeitwa alivutwa kando, na kule kando walikuwepo wenye mapanga. Mama yake Dafroza aliitwa siku ya tatu. Jioni mwalimu alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni asichafue sakafu.

"Na Pelagia?" nikauliza.

"Alipanda ngazi na sahani. Maharagwe, viazi. Chakula chake yeye. Hakuwahi kuniambia usiogope. Alisema tu, kula haraka."

Pelagia alikufa baadaye kambini kwa kipindupindu. Mumewe hakujua kitu hata mara moja. "Huyo mzungu," Dafroza akasema, "nataka aandike majina mawili. Kama ataandika la Anasitazi peke yake, sitasema. Nitarudi kwa miguu."

Ndugu zangu, nilikaa pale na nduma mkononi nikashindwa kuitafuna. Mimi nilidhani uovu wa namna ile una watu wake, kwamba ukikutana nao utawajua. Hawa wawili walilala kitanda kimoja. Walibatizwa kanisa moja, wakala sufuria moja, wakasikia mahubiri yale yale kila Jumapili. Asubuhi mmoja akachukua daftari, mwingine akachukua sahani. Nilitafuta ni wapi walipoachana njia, na mpaka leo sijapaona.

Na tusiseme hayo ni ya Rwanda. Wenye umri wangu mnakumbuka wakati wa Emergency, tulivyopangwa mstari pale uwanjani, na mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akipita na kutikisa kichwa mbele ya jirani zake. Aliyetikisiwa kichwa alipandishwa lori. Mtu wa gunia aliyesimama mbele ya mjomba wangu alikuwa na viatu ambavyo nilivijua. Sijawahi kumwambia mtu ni vya nani, na hapa pia sitasema. Mtu huyo alikuja kuwa jirani mwema, akatuletea maziwa tulipofiwa.

Ndipo ikanijia kwamba mimi pia, siku nne tu zilizopita, nilisimama mbele ya watu nikasoma jina la mtu na mahali anapolala. Nilimwambia, "Dafroza, nisamehe. Mimi ndiye niliyekutaja." Nililia, siwafichi.

Alinifunga kidole kwa kipande cha kitambaa chake cha kijani. "Inuka, Mama," akasema. "Saa inakwenda."

Muthangari

Nilikuwa na mteja Muthangari, Mama Jasbiri, Mhindi wa Kalasinga ambaye nimemshonea mapazia tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nilijua mumewe ana gari. Nilibisha hodi kwake nikiwa na matumaini yote duniani.

Gari halikuwepo, mumewe alikuwa amelificha kwa ndugu yake kwa kuogopa mawe. Lakini Mama Jasbiri alitupokea kwa shangwe kubwa iliyonishangaza, akatuingiza jikoni, akamtazama Dafroza juu hadi chini. "Mzuri. Safi. Kupika chapati najua?"

"Kidogo," Dafroza akajibu.

"Hebu fanya moja, mimi naona."

Nikaelewa. Mwezi mmoja nyuma aliniomba nimtafutie msichana wa kazi, na sasa alidhani nimemletea, tena kwa miguu siku ya mgomo, kwa ajili ya mapenzi yangu kwake. Kumweleza ukweli sikuweza. Basi tulisimama pale, saa tano na nusu, mtu anatafutwa, ushahidi unangoja, mzungu anafunga sanduku, na Dafroza anasukuma chapati. Ilitoka na umbo la ramani ya nchi nisiyoijua. Mama Jasbiri alicheka mpaka akashika meza. Dafroza akacheka pia, kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Nami nikacheka.

Hatukuruhusiwa kuondoka bila kula. Tulikula chapati nzuri, zake yeye, na dengu na chai ya tangawizi, na nilikula kwa haraka mpaka nikaungua ulimi. Nilimwambia Mama Jasbiri kwamba Dafroza ana mkutano wa kanisa mjini, atampa jibu la kazi baadaye. Alitaka kunipa champali zake, lakini mguu wangu ni wa mwanamke aliyekulia shambani, haukuingia hata nusu. Niliacha viatu vyangu kwake mlangoni nikaendelea peku. Kwa kweli peku nilienda mbio zaidi.

Mjini

Tulipita Kileleshwa kwenye kivuli cha miti mikubwa, walinzi wa mageti wakitutazama. Kufika karibu na Chuo Kikuu, polisi walikuwa wamefunga barabara. Askari mmoja alitunyooshea rungu.

"Kipande."

Nikatoa kitambulisho changu.

"Na huyu?"

Dafroza alikuwa na barua ya mchungaji tu, na barua ile ilisema yeye ni nani. "Ni binti yangu," nikasema. "Amesahau chake nyumbani."

Alinitazama mimi, mfupi wa mviringo, akamtazama Dafroza, mrefu kama mwanzi. "Binti yako? Ebu, wewe. Mama yako anaitwa nani?"

Wiki sita tumekaa nyumba moja, na jina langu la kipande hakuwahi kulisikia. Nani huniita jina hilo? Hata Baba Gathoni amelisahau.

"Mama Gathoni," Dafroza akajibu.

Askari alisoma kipande changu, akakuta jina jingine kabisa, nami nikafunga macho. Nikasikia anacheka. "Hata mimi wangu namjua hivyo hivyo. Piteni hapo kando, haraka, mkubwa asiwaone."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Mzungu tulimkuta amevaa koti, mfuko uko mlangoni. Alikuwa na mkalimani, kijana Mnyarwanda mpole. Dafroza alimtazama, akafunga mdomo, akaninong'oneza, "Huyu ni mtoto wa nani? Wa upande gani?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa namna ya kumtosheleza. Dakika zilipita. Mzungu alitazama saa, akanitazama mimi. Kiingereza changu ni cha shule ya misheni na cha wateja wa mapazia, nilimwambia hivyo. Alimtoa mkalimani nje, akamwambia dereva wake angoje, akavua koti.

Basi Dafroza alisema kwa Kiswahili chake kifupi, nami nikageuza. Akisema niliona, mimi nilisema niliona. Akisema mama yangu aliitwa wa sita, mimi nilisema mama yangu aliitwa wa sita. Sauti iliyotetemeka mle chumbani ilikuwa yangu, yake ilikuwa tulivu kabisa. Maneno mengine sikuyajua kwa Kiingereza nikayaonyesha kwa mkono, na mzungu akaandika kile ulichofanya mkono. Nimesema mengi maishani, lakini sidhani niliwahi kusema kitu kabla ya siku hiyo.

Mwishoni Dafroza aliomba aonyeshwe jina la Pelagia. Mzungu alikuwa ameliandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo. Dafroza alimrudishia karatasi. "Mwambie aweke katikati, na wengine." Mzungu akachukua karatasi mpya, akaandika ukurasa ule upya. Dafroza alipitisha kidole chini ya kila herufi, kisha akatia sahihi.

Gari lilikuja saa kumi. Alinikumbatia ngazini, akasema, "Sasa, Mama, nenda ukapumzishe mdomo." Ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwangu, na wa mwisho. Sikuambiwa anapelekwa wapi, na nilishukuru kutoambiwa.

Nyumbani

Nilirudi juu ya lori la nyasi za ng'ombe mpaka Kawangware, nikamalizia kwa miguu, jua likiwa bado halijazama. Yaliyotokea nilipofika ndiyo aliyonilaumu mchungaji, kwa kuwa nilipaswa kunyamaza. Kwamba Anasitazi alikuja kukamatwa baadaye mnajua, na ndiyo sababu naweza kuandika. Baadhi yenu mmeniuliza kama nimemsamehe. Nimelipigia magoti swali hilo. Lakini msamaha wangu ungekuwa rahisi mno: si mimi niliyekuwa darini, wala si mama yangu aliyesomwa daftarini.

Nilisukuma mlango, na yeye alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kikombe mkononi.

"Huyu ndugu amekungoja tangu saa tisa," Baba Gathoni akasema kwa furaha, maana yeye hakujua lolote. "Hata ametutengenezea mguu wa meza."

Anasitazi alisimama, akanipisha kiti. "Pole na safari, Mama. Mgeni wetu yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Sijui."

Alinitazama miguu iliyojaa matope na kitambaa cha kijani kwenye kidole. Nilimwogopa mtu yule kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu, na hakuwa ameinua hata sauti. "Yule dada hana akili sawa tangu vita," akasema polepole. "Watu wa namna hiyo husema mambo. Marehemu mke wangu alimhurumia sana."

Baba Gathoni aliona mazungumzo yamekwisha, na kwetu mgeni haondoki bila maombi. Alisimama, akavua kofia. "Basi, ndugu, kabla hujatuacha, utufungie kwa maombi."

Anasitazi akaweka kikombe chini, akakunja mikono, akafumba macho.

"Mke wako ndiye aliyemficha," nikasema.

Alifumbua macho.

"Wiki saba. Kwenye dari la jiko lako. Alimlisha kutoka sahani yake mwenyewe."

Alitazama juu, kwenye dari la sebule yangu, akalitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayerudia hesabu.

"Maharagwe," akasema. "Maharagwe yalikuwa yakiisha upesi. Nilidhani anawapelekea ndugu zake." Kisha akamwambia Baba Gathoni, wala si mimi: "Nilikuwa nikimpiga."

Baba Gathoni alikuwa amekwisha inamisha kichwa kungoja maombi. Alikiinua, akanitazama, akamtazama mgeni wake, akavaa kofia, akaketi.